Jinsi kuta za ofisi zinavyomtawala karani na raia: Funzo kutoka Wundanyi

MKAZI wa Taveta aliyehitaji sahihi ya mkuu wa wilaya katika miaka ya tisini alilazimika kusafiri takriban kilomita 90 hadi Mwatate, kisha kuukwea mlima kwa barabara ya kona nyingi, kilomita 15 hivi zaidi, hadi Wundanyi. Alipofika huko safari yake ilikuwa bado. Zilisalia hatua chache kutoka benchi la veranda hadi mlangoni pa afisa, na aghalabu hatua hizo ndizo zilizomchukua muda kuliko barabara yote.

Ucheleweshaji wa aina hiyo tumezoea kuuhusisha na tabia za watu. Karani ni mvivu, afisa ana maringo, tarishi anataka kitu kidogo. Lawama hizo zina msingi wake. Hata hivyo, kuna mshukiwa mmoja ambaye hajawahi kuhamishwa wala kuachishwa kazi, naye ni jengo lenyewe. Namna vyumba vilivyopangwa, mahali milango ilipowekwa, benchi lilipo na masjala ilipo, hayo yote huamua ni nani atamwona nani, nani atakutana na nani, na nani atasubiri. Kutokana na hayo matatu, tabia nyingi za ofisini huzaliwa.

Mswahili alilijua jambo hili tangu zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, mlangoni huwa na daka lenye viti vya mawe vilivyojengewa ukutani, navyo huitwa baraza. Mwenye nyumba aliwapokea hapo wageni wa biashara na wenye mashauri, bila kuwaingiza ndani walikokuwa jamaa zake. Mgeni hakufukuzwa, na faragha ya nyumba haikuvunjwa. Baadaye jina la kiti likageuka kuwa jina la mkutano, tukapata baraza la wazee, baraza la chifu na hata baraza la mawaziri. Ni nadra lugha kukiri waziwazi namna hiyo kwamba mahali watu wanapoketi pana usemi katika yale watakayozungumza.

Majengo ya utawala tuliyoyarithi yalijengwa kwa fikra tofauti. Boma la mkoloni lilikuwa jengo refu lenye vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, veranda mbele, na kila chumba na mlango wake. Mkubwa wa ofisi alikaa nyuma ya chumba cha mhazili, ili asifikiwe kwa urahisi. Raia alingoja nje, karani alikaa ndani, na baina yao alisimama tarishi. Baada ya uhuru mwaka 1963 mpango huo uliendelezwa karibu vile vile, na majengo mengi yaliyoongezwa katika makao makuu ya wilaya kote nchini yaliufuata. Wundanyi, iliyokuwa makao makuu ya wilaya ya Taita-Taveta kwa miaka mingi, ilikuwa mmojawapo wa miji midogo iliyoishi kwa kutegemea mabenchi na milango hiyo.

Tazama jinsi mpango huo unavyofanya kazi. Afisa aliye ndani haoni foleni, basi haimsumbui. Raia aliye nje hajui iwapo afisa yumo, yuko kazini au anasoma gazeti. Tarishi peke yake ndiye anayeona pande zote mbili. Yeye ndiye ajuaye kama "mkubwa" ametoka kwenda mkutanoni au ameketi tu, na kama faili imefika au bado imelala masjala. Habari hiyo ina thamani kwa mtu aliyetoka mbali na anayewahi matatu ya jioni, na kitu chenye thamani hakikosi kupata bei. Unaweza kumwachisha kazi tarishi huyo na kumwajiri mwingine mwadilifu kuliko yeye, lakini maadamu kiti chake kiko palepale, kishawishi nacho kiko palepale.

Pale Wundanyi huongezeka jambo jingine, nalo ni baridi. Mji huo uko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu wa Milima ya Taita hushuka hadi kwenye paa za nyumba. Kule Voi, katika joto la nyanda za chini, karani hufungua mlango apate upepo, na mpita njia akamwona. Mlimani karani huufunga apate joto. Hana nia mbaya, lakini kwa mzee aliyetoka Mghange au Werugha kwa miguu, mlango uliofungwa una maana moja tu. Ramani ya ofisi inapochorwa Nairobi na kutumiwa vilevile katika kila wilaya, tofauti ndogo kama hii huja kuonekana kuwa tofauti ya adabu.

Badiliko kubwa lilikuja kwa njia ambayo wengi hawakuitambua kuwa ni suala la ujenzi. Mnamo Novemba 2013 serikali ilizindua kituo cha kwanza cha Huduma katika jengo la posta jijini Nairobi, na vituo kama hivyo vikasambazwa katika kaunti, Wundanyi ikiwemo. Mwaka 2015 mpango huo ulitunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Maafisa waliohudumu humo walitoka katika idara zilezile, wakiwa na sheria zilezile na fomu zinazofanana na zile za awali. Kilichobadilika kwa macho ni ukumbi. Mlango wa kila idara uliondolewa, ukawekwa ukumbi mmoja wenye kaunta ndefu, viti vya kungojea vimeelekezwa kwa maafisa, na nambari zikaitwa kwa zamu.

Ukumbi wa namna hiyo hufanya kazi ambayo waraka wa wizara hauwezi. Afisa huwaona watu wanaomsubiri, nao humwona. Akiinuka kwenda kunywa chai, watu arobaini wanajua ameinuka. Akimpitisha binamu yake mbele ya foleni, watu hao hao wanaona. Mwenzake wa kaunta ya pili akimaliza watu kumi naye amemaliza watatu, hakuna haja ya msimamizi kupiga kelele. Tarishi aliyekuwa akiuza habari hana tena cha kuuza, kwa kuwa habari imeandikwa juu ya kila kaunta.

Lakini tusishangilie kupita kiasi. Kaunta huharakisha yale tu yanayoweza kukamilishwa kaunta. Kitambulisho cha kitaifa huombwa Wundanyi na huchapishwa Nairobi, na siku ambazo kijana husubiri baada ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole hazitokani na ukumbi wa mbele. Zinatokana na kazi ya nyuma, ambako raia haoni na kwa hiyo hakuna anayeona haya. Idara ikitengeneza vizuri sehemu inayoonekana na kuiacha ya ndani katika hali ya zamani, itakuwa imehamisha foleni kutoka machoni pa watu na kuipeleka kwenye simu zao.

Wataalamu wamelichunguza suala hili kwa takriban karne nzima. Majaribio yanayotajwa zaidi yalianza mwaka 1924 katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago. Watafiti walibadilisha mwanga wa taa ili waone kama wafanyakazi wataongeza kazi. Hadithi iliyosimuliwa vyuoni kwa miaka mingi ni kwamba kazi iliongezeka mwanga ulipoongezwa, na ikaongezeka tena ulipopunguzwa, kwa sababu wafanyakazi walijua wanatazamwa. Mwaka 2011 wanauchumi Steven Levitt na John List walizipekua upya takwimu za awali na kupata kwamba athari hiyo ilikuwa hafifu kuliko ilivyosimuliwa. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu elimu ya ofisi ina hadithi nyingi tamu, na meneja anayezinunua zote atabomoa kuta nyingi bure.

Utafiti ulio na uzito zaidi kwetu ni wa Thomas Allen wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliyeuchapisha mwaka 1977. Aliwachunguza wahandisi na wanasayansi, akapima umbali baina ya meza zao na kuuliza ni mara ngapi walizungumza kuhusu kazi. Alipata kwamba uwezekano wa watu wawili kuzungumza angalau mara moja kwa juma hushuka kwa kasi kadiri umbali unavyoongezeka, na ufikapo mita 50 hivi huwa mdogo mno, hata kama wako chini ya paa moja. Yaani aliye mwisho wa ushoroba mrefu hana tofauti kubwa na aliye katika mji mwingine.

Ukiichukua hesabu hiyo hadi Taita Taveta inatisha kidogo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 na kuanza kwa ugatuzi, makao makuu ya serikali ya kaunti yalielekezwa Mwatate, ilhali bunge la kaunti likaendelea kukutana Wundanyi. Uamuzi wa kwenda Mwatate ulikuwa na busara yake, kwani mji huo uko njia panda baina ya Voi, Taveta na mlima, na ulimwondolea mkazi wa Taveta kilomita 15 zile za mwisho. Lakini uliiweka mikono miwili ya serikali moja mbali, si kwa mita 50 bali kwa mlima mzima.

Mwaka 2019 mzozo wa bajeti baina ya gavana wa wakati huo, Granton Samboja, na madiwani ulifikia kiwango cha gavana kuongoza ukusanyaji wa saini za kutaka kaunti ivunjwe. Madiwani nao wakapiga kura ya kumng'oa, ingawa Seneti haikumtimua. Itakuwa upuuzi kudai kwamba barabara ya Mwatate hadi Wundanyi ndiyo iliyozua mgogoro huo. Siasa ina mizizi yake, na kaunti ambazo ofisi zake zimebanana katika kiwanja kimoja zimegombana vilevile. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Karani wa bajeti wa upande mmoja na karani wa kamati wa upande wa pili wakikutana ngazini kila siku, mmoja atamuuliza mwenzake hesabu fulani ilikuwa na maana gani kabla haijageuka kuwa barua. Wakitenganishwa, swali hilo dogo hupandishwa cheo: huandikwa rasmi, hupigwa muhuri, na hujibiwa kwa ukali unaolingana na muhuri.

Hapo ndipo wengi hurukia suluhisho la kubomoa kuta zote. Fikra ya ofisi ya wazi, ambapo wafanyakazi wote hukaa katika ukumbi mmoja, si ngeni. Frank Lloyd Wright alijenga ukumbi wa namna hiyo kwa ajili ya kampuni ya Larkin mjini Buffalo mwaka 1906, na mwishoni mwa miaka ya hamsini Wajerumani waliiendeleza kwa kupanga meza bila mistari iliyonyooka, kama bustani. Mmarekani Robert Propst akabuni miaka ya sitini samani za kumpa kila mfanyakazi eneo lake lenye vizuizi vya kuhamishika; waajiri wakazibana samani hizo hadi zikawa vibanda vya kumfungia mtu, na Propst mwenyewe hakufurahishwa na matokeo hayo.

Faida inayotangazwa na wauzaji wa ofisi za wazi ni kwamba watu watazungumza zaidi. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wa kampuni mbili kubwa zilizoondoa kuta zao. Wafanyakazi walivishwa vifaa vya kupima mazungumzo kabla na baada ya badiliko hilo. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Ukifikiri utaona sababu. Mtu anayetazamwa na kila mmoja hujijengea ukuta wake mwenyewe, kwa vifaa vya masikioni, kwa kukazia macho kompyuta, au kwa uso usiokaribisha salamu.

Je, hii haipingani na sifa nilizoupa ukumbi wa Huduma? La. Ukumbi ule unawaweka wazi watu wanaofanya kazi fupi, ya aina moja, mbele ya mwenye haki ya kuhudumiwa. Mhasibu anayelinganisha vitabu vya mwaka mzima anahitaji utulivu. Ofisa wa watoto anahitaji mlango. Mama aliyekuja kushtaki kwamba mumewe ameacha kulisha watoto, au msichana aliyedhulumiwa na jamaa yake, hawezi kusema hayo kwenye kaunta huku jirani wa kijijini ameketi nyuma yake akisubiri nambari. Atasema amekuja kuulizia cheti cha kuzaliwa, aondoke. Daftari litaonyesha kwamba siku hiyo hakukuwa na lalamiko, na takwimu za kaunti zitapendeza. Katika mji mdogo kama Wundanyi, ambapo kila mtu anamjua mwenzake kwa ukoo, hasara ya kukosa chumba kimoja cha faragha ni kubwa kuliko ilivyo Nairobi.

Sheria yetu nayo ina neno, ijapokuwa ni wachache wanaolisoma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mfanyakazi awe na nafasi isiyopungua mita 10 za ujazo katika chumba cha kazi, bila kuhesabu sehemu iliyo juu ya mita 4.5 kutoka sakafuni. Chukua chumba cha kawaida cha ofisi za zamani, tuseme mita nne kwa tatu, na dari ya mita tatu. Ujazo wake ni mita 36, yaani watu watatu. Ugatuzi ulipokuja na watumishi wapya, vyumba havikuongezeka kwa kasi ya barua za ajira, na anayeingia katika ofisi za umma za miji yetu midogo hahitaji futi kamba kutambua kwamba hesabu hiyo imepitwa. Katika msongamano wa namna hiyo baadhi ya wafanyakazi hujifunza kuwa nje. Wanajua kiti hakiwatoshi wote, wanapokezana bila kuandikiana, na raia huambiwa "njoo kesho" na mtu asiyesema uongo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa. Mlimani haki hiyo hukutana na ngazi. Viwanja vya Milima ya Taita vimechongwa ubavuni mwa milima, na jengo la ghorofa moja linaweza kuwa na vidato zaidi ya ishirini kabla ya kufika mlangoni. Mteremko wa simiti ukijengwa mkali mno hautumiki ila na watoto wanaocheza. Mara nyingi njia rahisi ni kuhamishia huduma inayotafutwa sana katika chumba kilicho usawa wa barabara na kumpeleka mkubwa juu, lakini pendekezo hilo hugusa heshima, na heshima ndiyo samani nzito kuliko zote kuhamisha.

Kuna na dirisha. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wale ambao madirisha yao yalitazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali. Wagonjwa hao walikuwa 46 tu, na haifai kuwabebesha mzigo wa dunia nzima. Lakini ukikumbuka kwamba Wundanyi imezungukwa na mashamba ya mboga ya ngazi ngazi, miamba na mabaki ya msitu ambayo watalii hulipa ili wayaone, inasikitisha kumkuta karani akiwasha taa saa nne asubuhi kwa sababu kabati la faili limewekwa mbele ya dirisha.

Kabati hilo linastahili sentensi mbili zaidi. Masjala za karatasi hula vyumba vyenye nafasi nzuri kabisa katika majengo ya zamani, karibu na mlango mkuu, kwa kuwa hapo zamani kila jambo lilianza kwa faili. Kadiri huduma zinavyohamia kwenye mtandao wa eCitizen, vyumba hivyo vinaweza kurudishiwa watu, na hakuna hata tofali moja litakalonunuliwa.

Kaunti ndogo haina fedha za kujenga upya kila inapopata wazo. Lakini kabla ya kuita mkandarasi, idara yoyote inaweza kufanya jambo moja kwa asubuhi moja. Chukueni ombi moja halisi, tuseme la leseni ya duka. Mpeni karani kijana nakala ya ramani ya jengo na penseli, alifuate ombi hilo kwa miguu tangu linapopokelewa hadi linapotiwa sahihi, achore mstari kila linapohama, na aandike dakika kila linapokaa. Mahali mistari inapojazana hadi karatasi ikawa nyeusi, hapo kuna vyumba viwili vinavyopaswa kuwa jirani. Mahali dakika zinapogeuka kuwa siku, hapo kuna mlango ambao mwenye ofisi ataulizwa kazi yake ni ipi.